Uzamili wa uhasibu: unachonunua, usichonunua, na pa kutazama kabla ya kulipa ada

Shahada ya uzamili haimpi mtu haki ya kusaini ripoti ya ukaguzi wa hesabu. Tanzania, haki hiyo hutoka NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Kenya unafanya mitihani ya KASNEB, bodi ya mitihani, kisha unasajiliwa na ICPAK, taasisi ya wahasibu, chini ya Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008. Uganda kuna ICPAU, Rwanda iCPAR. Mtu anaweza kuwa na uzamili mbili ukutani na bado asiruhusiwe kutia sahihi kwenye hesabu za duka la jirani yake, huku mwenzake mwenye shahada moja na CPA, sifa ya uhasibu inayopatikana kwa mitihani ya bodi, akiruhusiwa akishapata leseni ya kufanya kazi ya ukaguzi.

Wengi hulijua hilo kwa juu juu, halafu wanapofika dirishani kuomba nafasi wanalisahau. Wanauliza chuo gani kizuri, wakati hilo ni swali la tatu. La kwanza ni kiti gani unakitaka. La pili ni kiti hicho kinadai karatasi gani. Ukijibu hayo mawili, orodha ya vyuo inapungua yenyewe, na wakati mwingine inafutika kabisa kwa sababu unagundua kwamba pesa ya ada ilipaswa kwenda kwenye mitihani ya bodi.

Anza na aliye kwenye kampuni ya ukaguzi, au anayetaka kuingia huko. Kwake CPA ndiyo ngazi yenyewe. Bila hiyo hapandi kufika kuwa meneja mwenye kazi zake, na ubia hauko mezani kabisa. Uzamili ukija kabla ya CPA unakula jioni zilezile ambazo zingetumika kusomea mitihani, tena mitihani mikuu ya NBAA hufanyika Mei na Novemba. Ukikosa Mei kwa sababu ya kazi za chuo, miezi sita imeondoka. Kwa mtu huyu ushauri ni mkavu: maliza CPA, fanya kazi miaka mitatu minne, kisha tafuta uzamili mwembamba kwenye eneo ulilobobea, kama kodi, mifumo ya taarifa au uchunguzi wa ubadhirifu.

Mtumishi wa umma hesabu zake ni nyingine. Kupanda kwake kunaongozwa na muundo wa utumishi wa kada yake, waraka unaosema daraja gani linadai nini. Mwombe afisa utumishi akuonyeshe waraka wenyewe, usitegemee simulizi za ofisini. Halafu pata ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla ya kujiandikisha, na hakikisha masomo yako yamo kwenye mpango wa mafunzo wa taasisi. Mtu akienda kusoma kimyakimya kwa fedha yake na kurudi na cheti, anaweza kukuta hakuna kifungu cha kumtambulia. Wengine husoma programu ambayo jina lake halimo kwenye muundo: waraka unataka uhasibu au fedha, yeye kaleta uzamili wa uongozi wa miradi. Maudhui yanaweza kuwa mazuri, lakini mkono wa afisa utumishi umefungwa.

Kwenye mabenki na kampuni kubwa ndiko uzamili hulipa mapema zaidi, hasa kwa anayetaka kutoka kwenye kuandika hesabu aingie kwenye kuzitumia: bajeti, tathmini ya mikopo, hazina, uwekezaji. Na anayetaka kufundisha chuo kikuu hana njia nyingine. Huyo aangalie alama kuliko jina la chuo, kwa sababu matangazo ya kazi ya mhadhiri msaidizi Tanzania kwa muda mrefu yamekuwa yakidai wastani wa 3.8 kwenye shahada ya kwanza na 4.0 kwenye uzamili. Mwenye 3.4 ya shahada ya kwanza ajue hilo leo, asije akalijua baada ya kutetea tasnifu.

Majina ya programu yanachanganya makusudi, au karibu na makusudi. MBA yenye mkondo wa fedha si uzamili wa uhasibu. Kwa kawaida nusu ya masomo yake ni masoko, rasilimali watu, mikakati na uendeshaji, na uhasibu unapata masomo machache ya kumfundisha meneja asiyeujua uhasibu. Mhasibu mwenye CPA anayekaa kwenye darasa la uhasibu la MBA atasinzia. Atakachokichuma pale ni yale mengine, pamoja na watu wa kukaa nao, na hicho ni kitu cha thamani akiwa tayari ana miaka mitano ya kazi na anatazama kiti cha mkurugenzi wa fedha. Akiwa na mwaka mmoja wa kazi, darasa zima linaongea mambo ambayo hajayaona. Uzamili wa sayansi katika uhasibu na fedha, kama ule wa Chuo Kikuu Mzumbe, unaingia ndani ya fani yenyewe: taarifa za fedha za juu, ukaguzi, fedha za kampuni, mbinu za utafiti. Uzamili wa fedha pekee una hisabati nyingi zaidi na uhasibu kidogo. Anayeukimbilia kwa sababu jina linavutia, na takwimu zilimpiga shahada ya kwanza, anajitafutia mitihani ya marudio.

Sasa ukubwa wa mzigo. Kwenye mfumo wa Tanzania uzamili wa masomo na tasnifu hupimwa kwa krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nyumbani. Hizo ni saa 1,800. Zigawe kwa miezi 18, yaani wiki kama 78, unapata saa 23 kila wiki, bila likizo. Darasa la jioni la siku tatu, saa tatu kila siku, ni saa tisa tu. Zile 14 zilizobaki hakuna anayekuwekea kwenye ratiba. Mtu anayefika nyumbani saa tatu usiku baada ya foleni za Ubungo anapaswa kuzitoa mahali fulani, na mara nyingi anazitoa wikendi, nayo wikendi ina misiba na harusi.

Chukua kalenda mbili uziweke kando kwa kando, ya chuo na ya kazi yako. Mhasibu wa serikali Tanzania anafunga mwaka Juni 30 na anatakiwa kupeleka hesabu za mwisho kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ndani ya miezi mitatu, yaani kufikia Septemba 30. Julai hadi Septemba hana jioni. Mkaguzi wa kampuni binafsi ana dhiki yake Januari hadi Machi, kwa sababu wateja wengi hufunga mwaka Desemba 31, na hapo ndipo mitihani ya muhula wa kwanza ya vyuo vingi inapoangukia. Wa serikali anaweza kuanza Oktoba au Novemba akiwa amepumua. Mkaguzi atafute programu inayomruhusu kuchukua masomo machache muhula wa kwanza na kufidia wa pili. Programu inayobana masomo yote kwa pamoja itamwangusha kwenye lile lenye mahudhurio ya lazima.

Tuje kwenye mtaala, maana hapo ndipo chuo hujisema. Usiridhike na majina ya masomo. Omba maelezo ya kila somo, kurasa zenye mada za wiki kwa wiki na vitabu vya rejea. Chuo kisichokuwa nazo, au kinachosema utapewa ukishajiandikisha, kimekujibu.

Ukizipata, anza na viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha (vya zamani huitwa IAS, vipya IFRS), kwa sababu vina tarehe na tarehe hazidanganyi. IAS 17 ya ukodishaji iliondoka mwaka 2019 ikaja IFRS 16. IAS 18 ya mapato iliachia nafasi IFRS 15 mwaka 2018. IFRS 17 ya mikataba ya bima ilianza Januari 1, 2023 badala ya IFRS 4. Ukikuta mtaala bado unafundisha IAS 17 kama kiwango kilicho hai, ujue haujaguswa kwa miaka mingi, hata kama jalada lake limeandikwa mwaka huu. Kwa upande wa pili, tafuta IFRS 18, inayochukua nafasi ya IAS 1 kwa vipindi vinavyoanza Januari 1, 2027 na kuendelea, na viwango vya S1 na S2 vya taarifa za uendelevu na tabianchi vilivyotolewa Juni 2023. Anayeanza kusoma sasa atafanya kazi chini ya hivyo. Anayelenga serikalini atafute IPSAS, viwango vya uhasibu vya sekta ya umma, kwa jina, si sura moja mwishoni mwa somo. Na somo la kodi lisilobadilika kila mwaka lina walakini, kwa sababu Sheria ya Fedha hupitishwa kila bajeti na huanza kutumika Julai 1.

Kisha pima kina. Mada ya hasara tarajiwa ya mikopo chini ya IFRS 9, yaani kiasi ambacho benki hutenga mapema kwa mikopo inayoweza kutolipwa, inatosha kuwa kipimo. Somo la kiwango cha chini litakufanya ukariri kwamba kuna hatua tatu na uziandike kwenye mtihani. Somo la uzamili litakupa jedwali na kukuuliza. Tuseme benki imemkopesha mfanyabiashara wa mbaazi shilingi milioni 100. Uwezekano wa kushindwa kulipa ndani ya miezi 12 ni asilimia 4, na akishindwa, benki itapoteza asilimia 45 baada ya kuuza dhamana. Akiwa hatua ya kwanza, benki inatenga 100 mara 0.04 mara 0.45, milioni 1.8. Halafu India inabana uingizaji wa mbaazi, kama ilivyofanya mwaka 2017. Mteja hajachelewesha rejesho hata moja, lakini hatari yake imepanda sana tangu alipokopa. Anahamia hatua ya pili, ambako unahesabu uwezekano wa maisha yote ya mkopo, tuseme asilimia 15. Kiasi cha kutenga, tukiacha punguzo la thamani ya muda, ni milioni 6.75. Faida ya benki imekatwa milioni 4.95 kwa habari iliyotoka New Delhi.

Somo zuri haliishii hapo. Linauliza ile asilimia 15 imetoka wapi, nani aliiamua, mkaguzi ataipinga kwa ushahidi gani, na bei ya mbaazi iliingizwaje kwenye hesabu. Ukiangalia mitihani ya miaka iliyopita ukakuta maswali ya namna hiyo, hapo kuna darasa. Ukikuta "eleza faida tano za", hayo uliyamaliza shahada ya kwanza. Mitihani ya zamani huwa maktaba au kwa wanafunzi wanaoendelea. Nenda siku ya darasa la jioni, simama nje, uliza. Uliza pia ni nani hasa anafundisha taarifa za fedha na ukaguzi, na kama ana CPA. Profesa anayeonekana kwenye kipeperushi si lazima awe ndiye anayeingia darasani.

Ithibati ina milango miwili Tanzania, na watu huchanganya. Vyuo vikuu kama Dar es Salaam na Mzumbe viko chini ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Taasisi kama Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) na Chuo cha Uhasibu Arusha ziko chini ya NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, ambako uzamili huitwa ngazi ya 9 ya tuzo za kitaifa. Hakuna cha juu wala cha chini hapo, ila unapohakiki nenda kwenye mlango sahihi. Kenya mlango ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Kosa la kawaida ni kuhakiki chuo bila kuhakiki programu. Chuo kinaweza kuwa na ithibati ya miaka mingi huku programu mpya ya uzamili ikiwa bado mezani kwa mdhibiti, na kipeperushi kikaanza kugawiwa mapema. Uliza programu hiyo, kwa jina lake kamili, kwenye kampasi hiyo.

Kuhusu misamaha ya masomo kwenye mitihani ya bodi, matumaini huwa makubwa kuliko hali halisi. Msamaha hutolewa kwa kuangalia umesoma nini, karatasi kwa karatasi, na mara nyingi shahada ya kwanza ya uhasibu ndiyo iliyokwisha kukupatia mwingi. ACCA, sifa ya uhasibu ya kimataifa yenye makao Uingereza, kwa mfano, ina karatasi 13. Inaweza kukusamehe hadi 9, lakini zile nne za ngazi ya juu kila mtu anazifanya, awe na uzamili au asiwe nao, na anahitaji miezi 36 ya uzoefu wa kazi. Halafu msamaha si bure. Unalipia ada kwa kila karatasi uliyosamehewa. Afisa udahili akikwambia "ukisoma kwetu unasamehewa", mwombe akuonyeshe barua ya bodi, kisha iandikie bodi mwenyewe.

Kwa wanaotazama ng'ambo, mambo mawili yanahitaji kukaa nayo. Marekani, uzamili wa uhasibu ulienea kwa sababu ya kanuni ya saa 150 za masomo za chuo (ni krediti za kule, si saa za saa ya ukutani) ili kupata leseni ya CPA. Shahada yao ya kwanza ya miaka minne ina saa 120, zinapungua 30, na mwaka mmoja wa uzamili unaziba pengo hilo. Florida ilianza kutumia kanuni hiyo mwaka 1983, na majimbo mengine yakafuata. Sasa kamba imeanza kulegea: Ohio ilipitisha sheria Januari 2025 inayofungua, kuanzia 2026, njia ya shahada ya kwanza pamoja na miaka miwili ya kazi na mitihani, na majimbo mengine yamechukua mwelekeo huo. Kwa hiyo sababu kubwa ya kuuza programu zile inapungua nguvu, ingawa vipeperushi havijasema. Kwa Mtanzania kuna mtego wa ziada. Shahada ya biashara ya miaka mitatu haihesabiwi moja kwa moja kuwa saa 120. Unaweza kumaliza uzamili wa saa 30 kwa gharama kubwa ya dola na bado ukawa na upungufu. Fanya tathmini ya vyeti kwanza, na uifanye kwa masharti ya jimbo unalotaka kufanyia mtihani, kwa kuwa kila jimbo lina hesabu zake za masomo ya uhasibu yanayotakiwa.

Uingereza uzamili ni mwaka mmoja, na wepesi huo unavutia. Mwenye familia ajue kwamba tangu Januari 2024 anayesoma uzamili wa darasani huko haruhusiwi kwenda na mwenza wala watoto kwa viza yake ya masomo. Ukirudi Tanzania na cheti cha nje, TCU ndiyo inayokitambua na kukilinganisha, na programu za mtandaoni kutoka vyuo visivyojulikana hufia hapo.

Kinachobaki ni tasnifu, na hapo ndipo watu wengi hukwama kuliko penginepo. Masomo ya darasani wanamaliza kwa wakati, kisha pendekezo la utafiti linakaa kwa msimamizi miezi minne, linarudi na maneno mawili mekundu, mwanafunzi ana mwaka wa fedha wa kufunga kazini, na muda wa usajili unakwisha. Kuongeza muda kuna ada. Kabla ya kujiandikisha uliza waliodahiliwa miaka mitatu iliyopita ni wangapi, na waliohitimu ni wangapi. Tafuta majina yao kwenye vitabu vya mahafali ikibidi. Uliza msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi. Programu nyingine zina njia ya mradi mfupi au ripoti ya kazi badala ya tasnifu ndefu. Kwa asiyekusudia kufundisha wala kuendelea na uzamivu, hiyo ndiyo ya kuchukua.

Anayelazimika kuandika tasnifu aamue mapema data itatoka wapi, maana ndiyo inayochelewesha. Maktaba zimejaa "mchango wa udhibiti wa ndani katika utendaji wa taasisi", kila moja ikiwa na dodoso lililojazwa na wafanyakazi waliokubali kwa heshima na kuweka vema kwenye "nakubali sana". Data ya namna hiyo inahitaji kibali cha taasisi, barua, ufuatiliaji, na mwisho haisemi kitu. Wakati huohuo kampuni zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa ya Dar es Salaam na Nairobi hutoa hesabu zao hadharani kila mwaka, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ziko wazi kwa yeyote. Chagua benki sita, miaka minane, shusha ripoti zote 48, na chora jedwali la kile unachotaka kupima. Namba zikikubali kukaa kwenye jedwali hilo, ndipo uandike kichwa cha utafiti na kukipeleka kwa msimamizi.